Mwana Kupona binti Mshamu na Wasia Wake wa Vina



Kila Mfungo Sita unapokaribia, vijana wa kaswida hapa Jabe, pamoja na jirani zetu wa Buyenzi na Bwiza, huanza kusumbuliwa na jambo lile lile: maneno ya kulingana mwisho. Sauti zipo, dufu lipo, mapenzi ya Mtume (s.a.w.) yapo, lakini mstari wa tatu haupati mwenzake. Wapo wanaofungua simu kutafuta orodha ya maneno. Wapo wanaoshika neno lolote mradi liishie kwa sauti inayotakiwa, hata kama maana imekwenda Rumonge na wimbo umebaki Bujumbura. Na wapo wanaokata tamaa, wakachukua kaswida ya mwaka jana na kubadilisha jina la kikundi.

Katika toleo hili nimependa tusome maisha ya mwanamke wa Kiislamu aliyefariki zaidi ya miaka 160 iliyopita, ambaye alitafuta vina akiwa mgonjwa, akiwa mjane, na akijua kwamba muda wake si mrefu. Hakutunga kwa ajili ya kushindana wala kusifiwa. Alikuwa na binti, na alitaka maneno yake yabaki kichwani mwa binti yule baada ya yeye kuondoka. Jina lake ni Mwana Kupona binti Mshamu. Allah amrehemu.

Kisiwa cha watunzi

Mwana Kupona alizaliwa katika kisiwa cha Pate, kaskazini mwa pwani ya Kenya, katika visiwa vya Lamu. Wengi hukadiria kuzaliwa kwake karibu na mwaka 1810. Kisiwa hicho ni kidogo, lakini miji yake, Pate, Siyu na Faza, iliacha alama kubwa katika fasihi ya Kiswahili. Utendi wa Tambuka, unaosimulia vita vya Tabuk, uliandikwa Pate mwaka 1728 na Mwengo bin Athumani. Al-Inkishafi, utenzi unaoionya nafsi kwa kuitazama mijengo ya Pate iliyobomoka, ulitungwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mwanachuoni wa huko huko. Siyu nayo ilisifika kwa mafundi wa mbao na ngozi, na kwa waandishi walionakili misahafu kwa mkono kwa hati nzuri na mapambo ya rangi.

Kwa hiyo alikulia mahali ambapo Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na ambapo mtoto alisikia tenzi zikisomwa kwa mahadhi nyumbani kama vile sisi tunavyosikia redio. Lugha ya utendi wake inaonyesha mtu aliyelelewa karibu na Qur'ani, dua na adabu za wanachuoni. Maneno ya dini yanamjia bila kutafutwa, na hilo, kama tutakavyoona, lilimsaidia sana katika kazi ya vina.

Mke wa mtawala wa Siyu

Aliolewa na Sheikh Muhammad Is-haq bin Mbarak, anayejulikana zaidi kwa jina la Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Haukuwa wakati wa raha. Seyyid Said, Sultani wa Oman aliyehamishia makao yake Zanzibar, alikuwa akiitia pwani yote mkononi mwake. Mombasa ilianguka mwaka 1837. Siyu ilikataa. Katika miaka ya 1840 majeshi ya Seyyid Said yalipigwa Siyu, na mji ule mdogo ukapata sifa ya ukaidi pwani nzima.

Mwana Kupona aliishi ndani ya nyumba ya vita hiyo. Allah aliwajaalia watoto, akiwemo binti yao, Mwana Hashima. Mwaka 1856 Bwana Mataka akafariki. Mjane akabaki na watoto, katika mji ambao maadui zake hawakuwa wameusahau. Kisha yeye mwenyewe akaugua. Katika utendi wake anaeleza kwamba maradhi yalikuwa yamemshika kwa muda wa mwaka mzima, na kwamba katika mwaka huo hakupata nafasi ya kumwambia binti yake neno jema la kumfaa.

Hapo ndipo alipomwita binti akae karibu, na wino na karatasi. Mwaka wa kutunga umo ndani ya utendi wenyewe: 1275 Hijria, unaolingana na 1858.

Kwa nini hakusema tu?

Ndugu msomaji, hili ndilo swali la kujiuliza. Mama mgonjwa ana mambo ya kumwambia mwanawe. Kwa nini asiyaseme kwa maneno ya kawaida, jioni moja, yakaisha? Kwa nini ajitwike kazi ya mizani na vina?

Jibu liko katika kumbukumbu. Neno la kawaida likisemwa, baada ya miezi michache hubaki maana yake tu, na baada ya miaka hata maana hupungua. Neno lililofungwa kwa kina halipotei upesi. Ukisahau kipande cha pili, cha kwanza na cha tatu hukukumbusha sauti unayoitafuta. Ukibadilisha neno, sikio linakataa. Sisi tuliopita madrasa tunalijua hili: wanachuoni walitunga nahau, tajwidi na fiqhi kwa mashairi ili wanafunzi wayahifadhi. Mwana Kupona aliifanyia malezi kazi ile ile waliyoifanyia nahau. Kina kwake kilikuwa uzi wa kufungia wasia, na yeye mwenyewe anaufananisha wasia huo na hirizi atakayoivaa binti.

Na Uislamu haukukataza hili. Surat Ash-Shu'araa inawalaumu washairi wanaotangatanga na kusema wasiyoyatenda, kisha inawatoa katika lawama hiyo walioamini, wakatenda mema na kumtaja Allah kwa wingi. Hassan bin Thabit (r.a.) alimtetea Mtume (s.a.w.) kwa mashairi. Lawama haikuwa juu ya kina. Ilikuwa juu ya maneno matupu.

Hesabu ya kazi yake

Utendi wa Mwana Kupona una beti 102. Bahari ya utendi tunaijua: kila ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani nane. Vipande vitatu vya kwanza vinalingana kwa kina chao, na kina hicho kinaweza kubadilika kila ubeti. Kipande cha nne kinabeba kina cha bahari, kisichobadilika kuanzia ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Kwa Mwana Kupona kina hicho ni -ia.

Tupige hesabu. Beti 102 ni vipande 408, na kwa mizani nane kila kimoja ni mizani 3,264. Alihitaji maneno 306 ya vina vya ndani, yakipangwa matatu matatu, na maneno 102 yote yakiishia kwa sauti moja. Na hiyo ni kazi ya mtu aliyekuwa akiugua.

Aliyapata wapi? Ukiusoma utendi wake kwa kalamu mkononi, unaona visima vitatu alivyochota.

Kisima cha kwanza ni kitenzi chenyewe. Kiswahili kinaruhusu kitenzi kunyambuliwa, na moja ya minyambuliko hiyo huzaa -ia: funga, fungia, lipa, lipia, andika, andikia, imba, imbia. Ndiyo maana kina cha -ia kinapendwa na watunzi wengi wa tenzi. Sisi tunaosema Kirundi nyumbani tunaijua njia hii bila kufundishwa, kwa sababu kuririmba huwa kuririmbira, na kwandika huwa kwandikira. Kirundi kimeibakiza r pale ambapo Kiswahili kimeidondosha l ya zamani, lakini kazi ni ile ile: kuonyesha kitendo kinafanywa kwa ajili ya nani, au kuelekea kwa nani. Kuna sharti moja tu. Vitenzi vyenye e au o ndani ya mzizi huenda kwenye -ea: soma, somea, omba, ombea. Anayeshika -ia kikamilifu lazima avitafutie vitenzi hivyo mahali pengine ndani ya ubeti. Pamoja na vitenzi hivyo yapo majina tuyatumiayo kila siku: dunia, nia, njia, tabia, afia.

Sasa tazameni jambo hili. Wasia ni maneno ya mtu kwa mtu. Mama anamwambia binti, anamwachia, anamwombea, anamtakia. Kitenzi cha kufanyia mtu jambo ndicho kitenzi cha wasia. Basi kina cha -ia kilioana na kazi aliyokuwa nayo, na kila ubeti ulipomalizika, sauti ilirudi kule kule kwenye kumfanyia mwenzako jambo. Sidhani ni bahati tu.

Kisima cha pili ni mwisho wa -ni. Karibu kila jina la mahali au kitu huchukua -ni: nyumbani, moyoni, kifuani, njiani. Ukiwaamrisha watu wengi, kitenzi nacho huchukua -ni: someni, semeni, ombeni. Na maneno ya dini yapo tayari yakingoja: dini, imani, yakini, shetani. Mtunzi aliyeshiba elimu ya dini anaweza kuweka neno la msikitini kando ya neno la jikoni, na yote mawili yakakubaliana.

Kisima cha tatu ni maneno yenye asili ya Kiarabu, ambayo kwa Kiswahili yameongezewa irabu mwishoni. Elimu, kalamu, salamu, hukumu, fahamu. Heri, habari, dhahiri, fikiri, subiri. Makundi haya ni makubwa, na mtu aliyesoma hukutana nayo kila siku. Lakini Mwana Kupona aliyapima kwa sikio la kwao, si kwa maandishi. Katika ubeti mmoja amelipanga neno lenye herufi ya thaa pamoja na maneno ya sini, kwa kuwa ndivyo watu wa kwao walivyolitamka. Nasi tukitunga kwa ajili ya kuimbwa Jabe, sikio la Jabe lina haki yake.

Asili ya mbali ya kina

Kina kimoja kinachotembea mpaka mwisho wa utungo ni desturi ya zamani katika mashairi ya Kiarabu. Katika karne ya pili Hijria, Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni mwenye asili ya Oman aliyefundisha Basra na kuwa mwalimu wa Sibawayhi, ndiye aliyeipa elimu ya arudhi misingi yake na kuzipanga kanuni za kafia. Herufi inayoshikilia kafia huitwa rawi, na kasida yaweza hata kuitwa kwa jina la herufi hiyo. Ndiyo sababu kasida maarufu ya Al-Busiri iitwayo Hamziyya ina jina hilo: kila ubeti unaishia kwa hamza. Burda yake inaishia kwa mim. Hamziyya ilifasiriwa kwa Kiswahili cha kale katika visiwa hivyo hivyo vya Lamu, zamani kabla ya Mwana Kupona. Maneno shairi, ubeti na bahari yametujia kutoka kwa Waarabu, lakini vina vitatu vya ndani pamoja na kimoja cha kupokea mwishoni vimekuwa mali ya Waswahili.

Alichokisema

Maneno mazuri bila jambo ni kelele, kwa hiyo tutazame alichokibeba katika vina hivyo. Anaanza kwa kumtaja Allah na kumsalia Mtume (s.a.w.). Kisha anamwagiza binti ashike dini, asiache faradhi wala sunna ikiwezekana. Awe na adabu, ulimi mzuri, mkweli, asifuate watu wa upuuzi. Anamtajia radhi za watano: Allah, Mtume wake, baba, mama na mume. Sehemu kubwa inahusu namna ya kuishi na mume, na hapo anaikumbuka ndoa yake mwenyewe na jinsi mumewe alivyoaga dunia akiwa radhi naye. Mwishoni anageuka kwa Mola wake na kuomba: awaombea watoto wake, ndugu na jamaa, anajiombea kuponywa na kusamehewa. Na hakumfungia binti peke yake wasia ule. Aliwaita wanawake wengine pia wausome na waufahamu.

Dada zetu katika jumuiya wamewahi kuujadili utendi huu kwa moto. Wapo wanaoona unamtwika mke mzigo mkubwa mno wa utii. Wapo wanaojibu kwamba Mwana Kupona alikuwa akimfundisha binti namna ya kuishi salama katika nyumba kubwa, baada ya baba kufa na mama yuko njiani. Mjadala huo ni halali na uendelee. Lipo pia jambo gumu zaidi. Alikuwa bibi wa nyumba ya watawala katika jamii iliyokuwa na watumwa, na anamwonya binti asichangamane nao ila wakati wa kazi. Sisi wa Bujumbura, ambao Kiswahili kilitufikia kwa njia ya misafara ya Ujiji, na katika misafara hiyo watumwa walikuwamo, tunalisoma neno hilo kwa uzito. Hatuna sababu ya kulificha. Kina kinahifadhi kila kitu alichokiweka mtunzi, jema na lile ambalo vizazi vya baadaye vitalikataa. Hilo nalo ni funzo kwa anayetunga: utakachokifunga vizuri kitadumu, basi kitazame kwanza.

Kifo, na maisha ya wasia

Mwana Kupona alifariki karibu na mwaka 1860, kama miaka miwili baada ya kutunga. Katika miaka hiyo hiyo ya 1860 Siyu nayo ikatiwa mkononi na Sultani Majid wa Zanzibar. Utawala wa nyumba yake ukaisha. Ngome ya Siyu ipo mpaka leo, lakini wangapi kati yetu wanayajua majina ya makamanda waliopigana hapo?

Utendi haukuisha. Ulinakiliwa kwa mkono, ukahifadhiwa na wanawake, ukasomwa Lamu na kwingineko pwani. Mwana Hashima mwenyewe aliishi hadi uzeeni, akabaki na maneno ya mama yake. Mwaka 1917 Alice Werner aliuchapisha kwa mara ya kwanza katika jarida la kitaalamu, na mwaka 1934 yeye na William Hichens wakautoa kama kitabu. J. W. T. Allen aliuingiza katika mkusanyo wake wa tenzi mwaka 1971. Leo unasomwa katika vyuo vikuu vya nchi nyingi, na kila orodha ya washairi wa Kiswahili huanza na wachache, naye akiwa mmoja wao.

Tunachochukua

Vijana wa kaswida, kutoka katika maisha haya nachukua mambo matatu ya kutusaidia kazini.

La kwanza, anza na mtu unayemwambia na jambo unalomwambia. Mwana Kupona alimjua msikilizaji wake kwa jina. Ukijua unamwambia nani, vitenzi vyenyewe vitakuonyesha kina. Ukianza na orodha ya maneno yanayolingana, orodha ndiyo itakayokuamulia la kusema.

La pili, chagua kina cha mwisho kwa kupima visima vyake kabla ya kuandika ubeti wa kwanza. Andika kando maneno ishirini yanayokubali kina hicho. Ukiyapata kwa dakika chache, bahari hiyo itakuvusha. Ukikwama kwenye la sita, tafuta nyingine mapema, kuliko kukwama kwenye ubeti wa kumi na tano kisha ukavunja sarufi na kuiita ruhusa ya kishairi. Inkisari na mazida zipo, lakini ni kama rukhsa ya safari: haichukuliwi na aliyekaa nyumbani.

La tatu, ongeza maneno yako kwa kusoma. Wepesi wa vina aliokuwa nao ulitokana na Qur'ani, dua, tenzi za kwao na mazungumzo ya nyumbani. Simu itakupa neno linalolingana. Haitakupa neno ulilokwisha kuishi nalo. Hapa Jabe tuna Kiswahili, Kirundi, Kifaransa na Kiarabu cha darsa, utajiri ambao wengi hawana. Tuusome, kisha tutunge.

Na kwa dada zetu hasa: watu wakisema utunzi wa dini ni kazi ya wanaume, watajieni jina la mama huyu.

Allah amrehemu Mwana Kupona, amkubalie dua zake, asamehe mapungufu yake na yetu, na azijaalie kalamu zetu ziandike yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.